Darubini ya Shemeji na Jina la Dada Yangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila inaponijia huiacha chai ipoe. Umekuja kwangu na kibali chako kipya cha kuwinda, unaniuliza ununue darubini ipi na uifunge vipi juu ya bunduki. Nitakujibu. Ila kwanza utasikia jinsi darubini iliyofungwa ovyo ilivyotaka kummaliza dada yangu. Mambo hayo mawili sijawahi kuweza kuyatenganisha, na kwa umri huu sina nia ya kujifunza.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mimi ndiyo kwanza naanza kunyoa ndevu. Dada yangu Yudita alikuwa ameolewa Makambako na mtu aitwaye Zakaria. Huyu alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na koti refu na maneno mengi. Boma lilimpa kibali, akapata bunduki ya kizungu, na watu wa kule wakawa wanamtegemea kufukuza nguruwe pori mashambani na kuwatafutia kitoweo. Sikatai kwamba alikuwa na shabaha. Mtu tusimnyime sifa yake, hata kama ametuudhi.

Sasa, huku kwetu Njombe kulikuwa na mzungu wa shamba la miwati, ile miti ya magome, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, akauza vitu vyake. Miongoni mwake zilikuwamo darubini mbili za bunduki. Moja ilikuwa fupi, nyepesi, na pete zake za kuifungia. Nyingine ilikuwa ndefu na nzito, haina pete hata moja. Baba yangu, aliyewinda na gobori tangu ujana wake, alimshauri shemeji achukue ile fupi, kwa kuwa ilikuwa imekamilika na porini kwetu mnyama haonekani mbali kwa ukungu na vichaka. Zakaria alicheka. Alisema mwanaume hanunui kitu kidogo kikubwa kikiwepo, akachukua ile ndefu.

Pete alizipata kwa mtu mwingine, nazo zilikuwa pana kuliko mwili wa darubini. Unajua alifanya nini? Alikata vipande vya ngozi ya mbuzi, akavishindilia ndani ya pete ili darubini isicheze, kisha akakaza skrubu kwa ncha ya kisu. Kisu, mwanangu. Hata bisibisi hakuazima. Ngozi hulowa kwa ukungu wa Njombe, hukauka kwa upepo wa Makambako, hujikunja na kulegea, na bunduki ikirusha teke darubini huhama. Lakini kwa macho ilipendeza, na watoto walimfuata njia nzima kuitazama.

Ikumbukwe pia kwamba wazee wa kwetu walikuwa na imani yao. Mwindaji akiwa porini, mkewe nyumbani alishika miiko: asigombane na mtu, asigawe moto wa jikoni, na zaidi ya yote asimtazame mwanaume mwingine. Mume akikosa shabaha au akiumia, wa kwanza kuulizwa alikuwa mke. Jumapili tulikuwa Walutheri wazuri kabisa, tukiimba sauti zote nne. Jumatatu risasi ikienda kombo tulikuwa watu wengine.

Basi Zakaria alianza kukosa. Alimkosa pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, aliyesimama wazi kabisa, akakosa nguruwe, akakosa tena. Mwisho, kwa kuwa darubini aliifunga nyuma mno karibu na jicho, ilimpiga ikamchana juu ya nyusi. Alitoka porini na uso wa damu akapitiliza mpaka gulioni Makambako, penye watu wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, akatangaza mbele yao wote kwamba risasi zake zinapindishwa na mkewe. Hakutaja mwanaume, hakutaja siku wala shahidi. Nyani haoni kundule. Jioni yake alimwambia Yudita afunge mzigo wake.

Dada alifika kwetu amechoka, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, baridi imempasua midomo. Mama alimpokea mzigo na mtoto. Mimi nilichukua rungu, nikaanza kufunga viatu, na baba akanizuia mlangoni. Aliniambia nikimpiga Zakaria, watu watasema tumekosa la kujibu. Nilimwona baba mwoga siku ile. Nililala na rungu langu, nimemnunia kila mtu nyumbani.

Wazee wa upande wa Zakaria, pamoja na mama yake, walikuja kuvunja ndoa, yeye mwenyewe akiwa kati yao, jeraha lake kalifunga kitambaa cheupe kama shujaa wa vita, na bunduki begani. “Kamwene,” tukasalimiana kwa adabu zote, tukawapa viti. Wakaanza kumbembeleza dada yangu akiri. Akiri tu, yaishe, mambo ya ndani yabaki ndani. Walisema kwa sauti za upole, na upole ule ndio unaonitia uchungu mpaka leo. Mtu hakufanya kosa, nanyi mnamwomba alibebe ili ninyi muwahi kurudi kwenu kabla ya mvua.

Yudita alikuwa amekaa mkekani. Alimtazama mumewe, akauliza kwa utulivu, “Risasi inapinda nikiwa mbali na macho yako. Sivyo?”

Zakaria akajibu kwamba ndivyo.

“Basi leo nakaa hapa, kati ya mama yako na mama yangu. Wote mnaniona. Piga.”

Wazee walianza kunung'unika kwamba hilo halijawahi kufanyika. Baba hakungoja wamalize. Aliegemeza ubao kwenye ukingo wa udongo ng'ambo ya bustani, akauchora doa la mkaa katikati, akaweka gunia la viazi juu ya meza ili bunduki ilale juu yake, isisingiziwe mkono. Zakaria hakuwa na pa kukimbilia. Alilenga, akapiga, na udongo ukaruka kushoto kabisa ya ubao. Akapiga tena, risasi ikamega pembe ya juu. Akapiga nyingine, hata hatukuona ilikokwenda.

Ndipo mama yake mwenyewe, mama mkwe wa Yudita, akasema.

“Zakaria, mkeo nimemshika mkono.”

Baba alikwenda akaichukua bunduki, akahakikisha haina risasi, akaishika darubini kwa vidole na kuitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto. Akalegeza pete, na vile vipande vya ngozi vikaanguka mezani, vimekauka na kukunjamana. Aliitoa darubini yote, akamrudishia mkwewe bunduki tupu kama ilivyotoka kiwandani, akamwambia alenge kwa shabaha ya chuma iliyo juu ya mtutu. Zakaria alipiga doa la mkaa. Nilicheka kwa sauti, na safari hii baba hakunikataza.

Shemeji aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akasema basi twendeni ndani tumalizie huko. Yudita hakuinuka mkekani. “Ulinisema gulioni,” alimwambia. “Nisafishe gulioni.” Wazee wakamsihi asimwaibishe mumewe, nao walewale ndio waliokuja kumwaibisha yeye. Alikataa, na baba akasema binti yake haondoki pale kwa masharti mengine.

Siku ya gulio tulikwenda wote Makambako. Zakaria alisimama mbele ya wanywaji walewale, akasema kosa lilikuwa lake na la ngozi ya mbuzi, na kwamba mkewe hana doa. Kisha akauchukua mzigo wa Yudita, akajitwika kichwani, akapita nao katikati ya watu mpaka nyumbani kwake, mkewe akitangulia mikono mitupu. Zama zile mwanaume kumbebea mkewe mzigo lilikuwa jambo la kuchekwa mwaka mzima. Alichekwa. Alivumilia, na kwa hilo nilimsamehe, ingawa si kwa haraka.

Haya, nasaha yako ndiyo hii, mwanangu. Darubini usiichague kwa urefu wala mng'ao. Kwa ukungu wetu chukua inayokuza kidogo na kuonyesha eneo pana, na pete ziwe za kipimo chake, usijaze ngozi wala karatasi. Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu, kaza huku na huku kwa zamu, kidogo kidogo, na ule msalaba wa kulengea ulio ndani usimame wima. Iache mbali na jicho kama upana wa kiganja. Kisha laza bunduki juu ya gunia, piga ubao karibu, halafu mbali, urekebishe mpaka uridhike, na ukisafiri njia mbovu upime upya kabla ya kumlenga kiumbe wa Mungu.

Na chombo chako kikikosea, kipime chombo, ujipime na wewe, kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Nakwambia haya kwa hasira kwa sababu shangazi yangu, dada wa baba, alirudishwa nyumbani kwa shutuma hiyohiyo wakati wa gobori. Hakuna aliyeweka ubao. Alizeekea kwa baba yake, akafa akiitwa mwanamke aliyepindisha risasi, na lile gobori liliendelea kukosa mikononi mwa mumewe akiwa na mke mwingine. Baba, alipobeba gunia la viazi siku ile, alikuwa anamkumbuka dada yake huyo, nami nilikuwa nimemwona mwoga.

Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kupima. Mkono wako usimjeruhi mnyama bure, ulimi wako usimjeruhi mwenzi wako hata siku moja, na wa nyumbani kwako wafurahi wakisikia unarudi.