Vioo Kumi na Moja Vilivyogeuzwa

Mjomba wangu ni fundi vioo, na kabla hamjaanza ile yenu ya "mafundi wote waongo", nisikilizeni kwanza.

Miaka ishirini na nane anabeba vioo. Magoti yamekwisha, vidole viwili havikunjiki. Akirudi kazini anajitupa kwenye kiti cha kwanza na kumwomba mkewe amvue viatu. Mkewe anamjibu kwamba aliolewa, hakuajiriwa. Kisha anamvua.

Mwaka huu akapewa usimamizi kwa mara ya kwanza maishani: jengo la ofisi, vioo vya kisasa. Vina waya mwembamba pembeni. Jua likiwaka vinaingia giza vyenyewe, likipoa vinarudi vyeupe. Kila kimoja ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja, na kile kinachoingia giza lazima kikae nje, joto liishie huko huko. Ndiyo maana kiwandani wanabandika karatasi: upande huu nje.

Sasa, mafundi wa zamani wana lao. Kioo hakipandi juu kichafu. Mjomba alifundishwa hivyo kwa makofi: osha, futa, bandua kila karatasi, ndipo uinue. Kwa kioo cha kawaida haina shida, mbele na nyuma ni yale yale. Siku ya ghorofa ya tatu akaamuru vyote vioshwe. Karatasi zote zikaenda na maji, vioo vikapachikwa kwa kukisia.

Wiki moja kabla ya jengo kukabidhiwa, akapanda kukagua, saa tisa alasiri. Vioo vimeingia giza safi, kila mtu anasifu. Akaweka kiganja kwa ndani. Cha kwanza, vuguvugu. Cha pili, moto kama pasi. Akaufuata ukuta mzima akipapasa, akapata kumi na moja vinavyochoma. Giza lipo, ila joto liko upande wa ndani. Na chumba kile ni cha wadada wa kupokea simu, watakaokaa humo kwa muda wa saa nane kila siku, migongo dirishani.

Jioni alinieleza yote. Nilimwambia anyamaze, na sioni haya kusema. Kazi imesifiwa na wote, usimamizi ameusubiri maisha yake yote, nani atajua?

"Atajua atakayekaa pale," akasema. Hata sauti hakuipandisha. Alikuwa amechoka mno kubishana na mimi.

Asubuhi akaenda kwa injinia. Injinia hakufoka, alitaka tu kujua karatasi zilienda wapi.

"Nilizibandua mimi. Nikaosha."

"Mzee wangu, umeosha mpaka maelekezo."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Usimamizi akapewa mwingine siku hiyo hiyo, na yeye akaambiwa avigeuze vyote kumi na moja kama fundi wa kawaida. Kioo kimoja kinataka watu wanne kwa nusu siku, na waya ukikatika, kioo ndio basi tena.

Jana nilipita, wamemaliza cha saba. Msimamizi mpya, ambaye kukata kioo alifundishwa na huyu huyu mjomba, alikuwa anambembeleza akae chini kidogo.

Mjomba akamwambia vimebaki vinne na wadada wanaingia Jumatatu. "Shika upande wako," akasema, "tuinue."