Tanuru Lililofunguliwa Mapema

Juzi mtu aliyevuka kwa kivuko kutoka Kamanga aliniletea habari: yule mzee aliyetengeneza sanamu za vioo amefariki, na amekwisha kuzikwa. Waliomzika hawakutosha hata kupokezana jeneza. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikakaa. Katika mtaa wetu wa zamani hapa Mwanza nimebaki peke yangu ninayemkumbuka, na upweke huo ni mzito.

Alikuwa fundi wa kukata vioo vya madirisha. Vipande vilivyobaki, na vile nilivyomwokotea mimi shuleni nilikofundisha, aliviponda, akavijaza katika kalibu ya udongo aliyoifinyanga kwa umbo la sanamu na kuviyeyusha kwa mkaa katika tanuru la uani kwake. Kisha alifukia tanuru kwa majivu, akaliacha siku tatu. “Kioo hakiharakishwi, mwalimu,” aliniambia. Mwaka mmoja alikuwa akitengeneza sanamu ya marehemu mkewe, maana hakuwa na picha yake hata moja.

Enzi hizo za Ujamaa, wenzangu mnakumbuka, bila chupa tupu hupati soda wala bia, na chupa ziliadimika. Uvumi ukaenea kwamba mzee anavunja chupa nzima, anahujumu uchumi. Balozi wa nyumba kumi akaenda kwake na majirani, nami nikiwemo.

“Ndugu, fungua tuone.”

“Ndugu balozi, naomba hadi keshokutwa. Kioo kikipata baridi sasa kitapasuka. Mke wangu yumo humo.”

“Kama hakuna chupa, unaogopa nini?”

Mzee akanitazama. Nilijua vioo vile vilitoka wapi. Lakini niliogopa kuulizwa nani aliniruhusu kuchukua mali ya umma, nikainamisha kichwa. Majivu yakafukuliwa, udongo wa kalibu ukabanduliwa. Tulimwona mama yule, wa kijani hafifu, ameketi. Kisha kioo kikaanza kulia taratibu, akapasuka vipande vipande mbele yetu. Chupa haikuonekana. Balozi akasema, “Pole, ndugu,” tukatawanyika kwenda kula.

Hakunilaumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, ila hakunikaribisha tena uani, na tanuru halikuwashwa tena. Baadaye alihamia ng’ambo ya ziwa, Kamanga. Nasikia vijana wakisifu udugu wa siku zile. Ni kweli, tuligawana sukari kwa vijiko, lakini tuliogopana pia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana mvi sasa.

Mtu akikutazama mbele ya watu, anaomba neno moja tu. Mpe siku hiyohiyo. Mimi nimelisema leo, gazetini, naye hayupo kulisoma.