Mwandishi Aliyekuja Kuandika Watu

Nyumbani Lodwar wengine huniita mama wa vitabu, wengine mama wa mikutano, na sijui lipi ni sifa na lipi ni matusi. Nimeandika vitabu viwili vyembamba. Muda uliobaki nimeutumia kuwasumbua watu wasome, na asiyekuja kwenye kikao changu hunipandisha hasira hadi utosini.

Kakuma ndiko nilikokomeshwa. Nilitaka wenyeji na wakimbizi wakae pamoja, watunge hadithi, tutoe kitabu kimoja. Vikao vitatu vilipita nikimhutubia mlinzi na mbuzi wake. Kamati ya ukumbi ikaniambia waziwazi: mara ya nne wasipokuja watu, ukumbi unapewa kwaya. Kwaya ile niliichukia bure, hata haikujua.

Basi nikamwomba fundi cherehani mmoja, mkimbizi kutoka Kongo na mshairi hodari, atutangazie kwa kipaza sauti. Nilimwambia aseme mwandishi anakuja kuandika pamoja na watu wote. Akazunguka mitaani akipaza: "Kesho muandishi anakuya! Anakuya kuandika batu bote!" Nikaona ametia utamu wa kwao, nikamsifu.

Siku ya pili yake foleni ilitoka mlangoni hadi barabarani. Nilivimba kichwa. Nikawasalimu kwa Kiturkana, ejok, nikawahutubia kuhusu fasihi, nikanukuu hata maandishi yangu mwenyewe. Walinisikiliza kwa adabu, kila mmoja kashika kitambulisho au kadi ya chakula. Nami, mjinga, nikadhani ni mazoea yao tu.

Mama mmoja wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni, akasimama. "Wewe naandika ama nahubiri? Mimi nimetoka nyumbani asubuhi sana." Akaninyooshea kitambulisho.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu, anayekuja na kalamu kuandika watu huwa anaandikisha majina ya msaada. Nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri kwamba hakuna chakula, hakuna orodha, ni hadithi tu. Watu wakaguna, wakaanza kutoka. Fundi wangu akajificha nyuma ya kipaza sauti, mwili wote ukiwa nje.

Yule mama hakutoka. "Umeita sisi tuandikwe," akasema. "Sasa andika."

Nikafungua daftari. Akasimulia jinsi mwanamke mmoja wa Lodwar alivyowadanganya watu wakaacha mifugo, wakaacha foleni ya maji, wakaja kusikiliza maneno. Akaigiza mwendo wangu, akaigiza ninavyosukuma miwani. Waliokuwa mlangoni wakacheka, wakarudi kuona. Niliumia, lakini nilicheka pia.

"Soma," akaniamuru.

Nikasoma kwa sauti. Nilipofika pale pa kudanganya nikasoma, "Mwandishi alikosea, watu wakaja."

Akainua mkono. "Mimi sijasema alikosea. Nimesema alidanganya."

"Lakini mama, sikukusudia..."

"Hii hadithi ni ya nani?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Miaka yote hiyo nimewahimiza watu wasiogope kuandika ukweli, na sasa mkono wangu mwenyewe ulikuwa mzito. Niliona aibu. Nikalikata neno langu, nikaandika lake, nikasoma tena: alidanganya.

Mama akaketi. Akamgeukia jirani yake, mwanamke wa Sudan Kusini aliyekuwa bado ameshika kadi yake.

"Haya, sasa wewe ongea," akamwambia. "Huyu amejua kuandika."