Mwantumu wa Nyumba ya Kisiwani

Watu wa Korogwe wanapenda kusema mama yangu Mwantumu alikufa kwa ukaidi. Wengi wanaosema hivyo walikuwa hawajazaliwa. Mimi, Tatu, nilikuwepo, msichana niliyekwisha kuvunja ungo, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu wajukuu nikiwasimulia, wao wakisimulia wanapunguza.

Mto Ruvu, huo mnaouita Pangani, una visiwa pale chini ya Korogwe. Kimoja kilikuwa chetu. Baba yangu, Semboja, alikufa kwa homa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama akakataa kurudi kwao Handeni. Akajenga nyumba ya udongo ya vyumba vinne, paa la nyasi, akaanza kulaza wageni. Watu waliokuwa wakitoka Handeni na tumbaku na asali kwenda stesheni walifika mtoni wamechoka, na mama aliwafuata kwa mtumbwi, amesimama wima anasukuma kwa upondo. Wanaume walikuwa wanakaa chini na kushika kingo kwa mikono miwili.

Nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Chumba cha mwisho kilikuwa cha kuku, na mgeni akikosa nafasi kwingine alilala na kuku. Mtu mmoja wa Magoma alilalamika asubuhi.

"Mama Mwantumu, kuku wako amenilalia kichwani."

"Ametaga?"

"Hapana."

"Basi ulimsumbua. Yeye ana miaka mitatu chumba kile, wewe una usiku mmoja."

Yule mtu kila aliposafiri alirudi kwetu, na chumba alichotaka ni kilekile.

Ikaja vita ya Mdachi na Mwingereza. Mwaka wa pili wa vita masika yalikuwa mazito, na Wadachi wakaanza kurudi nyuma. Wapagazi walipita ukingoni na mizigo ya askari, wakianguka njiani. Mmoja, jina lake Sadala, mtu wa bara ya mbali, wenzake walimwacha pale anaharisha damu. Mama alimvusha, akamlaza chumba cha kwanza, akamnywesha uji kama mtoto.

Siku ya sita ya Sadala kwetu, jumbe Mhina alisimama ukingoni akatupigia kelele. Amri imetoka, mitumbwi yote ya mto ipasuliwe, Mwingereza asipate cha kuvukia. Kesho askari wanapita.

Tulikuwa na mitumbwi miwili, mmoja mzima, mwingine mkuukuu unaovuja. Mzee Hiza, aliyetuchongea yote miwili, alikuja mbio kutoka ng'ambo.

"Ule mzima uzamishe," akasema. "Lakini ufunge kamba mpaka kwenye mkuyu."

"Kamba itaonekana."

"Maji yanapanda, Mwantumu."

"Hiza, mimi nilikuwa nazamisha mitumbwi wakati wewe bado unaogopa kuoga."

Kuzamisha ni kazi yetu ya kila kiangazi. Unaujaza mtumbwi mawe, unaulaza chini ya maji mafupi mpaka utakapouhitaji, jua lisiupasue. Mama alifanya alivyozoea, kwenye matete, maji ya kifuani, bila kamba. Askari walipovuka kisiwani, kwa mtumbwi wa mwisho waliokuwa hawajaupasua, aliwapa ule mkuukuu. Wakaupasua kwa shoka, wakamchukua Hiza kubeba mizigo, wakaenda zao. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua ikanyesha siku tatu bila kukata. Pale palipokuwa na maji ya kifuani, upondo mzima ulizama na chini haukugusa. Mama alijifunga kamba kiunoni, mimi nikashika ncha, akapiga mbizi kutafuta mtumbwi ayatoe mawe. Mara nne mto ulimtupa pembeni. Mara ya tano aliibuka nyusi imechanika.

"Siuoni," akasema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema neno hilo kwa jambo la mto.

Tuliita kingo zote mbili mpaka sauti zikatuishia. Watu walikuwa wamekimbilia milimani kuogopa vita, wengine mpaka Lutindi. Unga uliisha. Tukala ndizi mbichi, tukawala kuku. Maji yakaingia chumba cha kwanza, tukamhamisha Sadala. Yakaingia cha pili.

Ndipo mama akakata migomba yetu, akang'oa milango, akafungua kamba za vitanda vyote, tukafunga chelezo. Tukamlaza Sadala juu, mimi nikapanda, chelezo kikasimama sawasawa. Mama alipoweka mguu, upande mmoja wote ukaenda chini na Sadala akaanza kumeza maji. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Migomba mingine haikuwepo, na mkondo ule ukikupeleka huwezi kurudi.

Nikasema mimi. Silifichi. "Mama, tumwache. Huyu anakufa hata hivyo."

Sadala alisikia. "Mama, niacheni. Mimi ni mzigo."

"Nyamaza wewe, mzigo hausemi," akamjibu. Kisha akanigeukia. "Tatu, huyu hakuja kwa miguu yake. Nilimleta mimi. Na mtumbwi niliuzamisha mimi, si yeye."

"Basi nenda naye wewe, mimi nitabaki."

"Nikubakize wewe hapa, halafu huko nikamwambie nani kwamba nina mtoto?"

Akanipa upondo. Nilikataa kuushika. Akaniwekea mkononi akanifunga vidole kimoja kimoja, akasukuma chelezo kwa mguu.

Mto ulituchukua kama jani mpaka kwenye kona, tukakwama upande wa Korogwe. Nilipogeuka mama alikuwa amepanda kwenye mkuyu, amekaa panda ya tawi kama mtu anayesubiri uji uive. Hakupunga mkono. Nilikimbia kutafuta watu. Niliowakuta walikuwa wazee na wagonjwa, na hapakuwa na mtumbwi mto mzima. Kesho yake asubuhi mkuyu haukuwepo.

Sadala alikufa siku hiyo hiyo adhuhuri. Wazee walimuosha, wakamsalia, wakamzika. Mama nilimtafuta ukingoni siku saba nikielekea chini na mto, sikuona hata kanga yake.

Basi wanasema ilikuwa bure. Mimi sisemi bure, wala sisemi ilistahili. Kaburi la Sadala nalipalilia mwenyewe kila mwaka kabla ya mvua, kwa kuwa alikuwa mgeni wetu na hana mwingine hapa. Nikimaliza naegemea jembe namwambia ukweli wake: ingekuwa mimi mwenye kuamua siku ile, wewe ndiye ungebaki kisiwani.