Picha Inasema Mama Haumwi

Mhariri, majina nimeyabadilisha, na kijiji chetu naomba msikitaje. Semeni tu ni upande wa Runzewe. Baba husomewa gazeti hili na mwalimu jirani, naye akinitambua kabla sijajua la kufanya, nitakuwa nimeharibu zaidi.

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya masista. Nyumbani mimi ni wa kwanza. Wanaonifuata ni mapacha, Kulwa na Doto. Wazazi wangu ni wakulima wa pamba na Kiingereza hawakijui, kwa hiyo kila karatasi ya Kiingereza inayoingia kwetu naisoma mimi. Kosa langu lilianzia hapo.

Mwaka juzi baba alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia ya pamba, akaangukia mgongo. Hospitali ya misheni walimpiga picha ya eksirei, wakampa bahasha, wakamwambia arudi kama maumivu hayatakwisha. Alinikabidhi karatasi ya daktari nikaenda kuisoma nyuma ya nyumba na kamusi yangu. Ilisema hakuna palipovunjika. Lakini ilisema pia kwamba mfupa mmoja wa kiunoni umeteleza mbele ya mwenzake na pingili za chini zimelika, tena ni mambo ya zamani, si ya kuanguka kule.

Nikamkumbuka jirani yetu fundi seremala. Yeye alikwenda hospitali kwa miguu yake, akaambiwa mgongo umesagika, akarudi ameshikiliwa na watu wawili. Tangu siku ile hajagusa randa. Anaogopa hata kupiga chafya. Niliona baba yangu naye ataishia kwenye kiti. Nikamwambia, "Baba, hakuna palipovunjika. Uko mzima."

"Wabeja, mayu," alisema, yaani asante, mama.

Wiki tatu baadaye maumivu yalikwisha. Anapalilia, anabeba magunia, halalamiki. Picha yenyewe huwaonyesha wageni, akiinyanyua mlangoni ili jua lipite. "Tazameni mgongo wa mwanamume. Mninga mtupu!" Wageni hucheka na kusifu, nami naona kidole chake kimekaa juu ya mfupa ule ule ulioteleza.

Mama anaumwa kiuno tangu alipowazaa mapacha. Akipiga magoti kumwamkia mkubwa, kuinuka ni mpaka ashike ukuta. Likizo hii baba alimpeleka hospitali ile ile. Waliporudi, shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja. Nikapewa karatasi nisome mbele yao wote. Ilikuwa fupi: mifupa yote iko sawa, hakuna kasoro iliyoonekana. Masista wametufundisha kutosema uongo, na uongo niliomwambia baba ulikuwa bado unanisumbua. Nikasoma kila neno, tena kwa furaha, nikidhani natoa habari njema.

Shangazi akapiga makofi. "Kumbe wifi yangu ni mzima! Miaka yote hii tunakuchotea maji, kumbe unatuchezea!"

Baba hakucheka. "Mama Kulwa, ile mashine imeingia mpaka ndani ya mfupa. Hayo maumivu yako yamejificha wapi?"

"Baba Kulwa, yanakokaa mimi sikujui," mama alijibu polepole. "Ninajua tu kwamba nikiinama nayakuta."

Tangu siku hiyo mama hajasema tena kwamba anaumwa. Anachota maji mwenyewe, na usoni nayaona anayoyanyamazia. Shangazi anamwita Mama Picha. Na wiki iliyopita baba alitamka kwamba pamba ikishauzwa atampeleka kwa kaka zake Ushirombo akapumzike, mapacha wabaki na shangazi. Kwetu kila mtu anaelewa. Mke anayerudishwa kwao kupumzika naye anaonekana mzima, hafuatwi tena; ndoa imekwisha.

Nilimweleza baba aliyotufundisha sista wa biolojia nilipomuuliza muhula uliopita: kwamba picha inaonyesha mifupa ilivyokaa, lakini haiwezi kusema nani anaumwa. Wapo watu wenye pingili zilizolika ambao hawasikii kitu, na wapo wanaolia ilhali picha zao ni safi, na maumivu yao ni ya kweli. Baba akasema, "Sista hajaolewa. Ya wake za watu atayajulia wapi?"

Kwa hiyo ushahidi atakaouamini ni mmoja tu, nao ni mgongo wake mwenyewe. Nikimsomea upya karatasi yake, ataona kwamba mwenye kasoro haumwi, na mama asiye na kasoro anaweza kuumwa. Lakini je, akianza kuumwa siku hiyo hiyo, kama fundi seremala? Na atakapojua nilimficha, atamwamini nani tena?

Nilimweleza mama siri yote. Aliniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Mwache baba yako na nguvu zake. Akilala yeye, hawa watoto watakula nini?"

Ndugu wasomaji, baba yangu si mtu mbaya. Jana mama alikuwa jikoni akijaribu kuinuka, na nilimwona baba amesimama mlangoni anamtazama. Alinyoosha mkono nusu, kama anayetaka kumsaidia, halafu akaurudisha. Mkono ule ndio ulionipa moyo wa kuwaandikia. Magunia ya mwisho yanapelekwa kuuzwa mwisho wa mwezi, na mama ameanza kukunja nguo zake.

Ninyi mliokwisha kuwa na ndoa, na ninyi mnaowatibu watu, nisaidieni kwa mawazo yenu. Nimtii mama ninyamaze, aende? Au nimwambie baba ukweli wa mgongo wake? Na kama ni kumwambia, nianze na maneno gani, ili ayasikie na abaki mzima?