Dada Yangu Amenitoa Kwenye Kaburi la Bibi

Admin, naomba ufiche jina na picha yangu, maana nusu ya ukoo wetu wamo humu, na ndio wa kwanza kukomenti. Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu. Kwetu ni Iringa vijijini ila maisha yangu yako Mbalizi, Mbeya, nauza mchele sokoni. Mimi si mtu wa kulialia, sokoni wananijua kwa mdomo. Ila hili limenishinda.

Ukoo wetu tunakutana kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, wakati wa kuombea marehemu. Tunaotoka Dar, Makambako, Mbeya, wote tunarudi nyumbani. Asubuhi tunasafisha makaburi, halafu misa, halafu tunakula na kucheka mpaka jioni. Kwetu kila mtu anasafisha kaburi la somo yake, yule aliyerithi jina lake. Mimi nina jina la bibi mzaa baba. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka saba kaburi la bibi ni langu. Baba hajawahi kuniita jina, ananiita "mama". Hata shangazi, dada yake baba, aliniita mama, na mimi nikideka kweli kweli.

Miaka mitatu iliyopita mama yetu aliugua, nikamuuguza hapa Mbeya mpaka mwisho. Siku chache kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, huyo baba yako si aliyekuzaa. Aliyekuzaa ni fundi aliyekuja kujenga shule kijijini, alishakufa. Baba yako hajui. Usimwambie mtu." Ndugu zangu, mnajua uzito wa neno kama hilo? Nilizika mama huku nimebeba na hilo. Baada ya matanga nikashindwa, nikamwambia dada yangu mkubwa, tumbo moja. Alinikumbatia akalia kuliko mimi. Akasema, "Damu ndiyo nini? Wewe ni mdogo wangu. Hili litaishia kwetu wawili." Nikalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mwaka jana nimefika na gunia langu la mchele kama kawaida. Nimewaamkia wakubwa, nikajifunga kanga, nikachukua jembe nishuke makaburini. Shangazi akaniita mbele za watu, "Mama Neema, weka hilo jembe." Mama Neema. Yaani kama anavyoitwa mke wa mtu aliyekuja kutembea. Nikamuuliza kuna nini, shangazi? Akasema, "Mwaka huu kwa bibi atasafisha binti wa dada yako. Yule ana damu yake. Wewe kafagie njia." Njia wanafagia wakwe na wageni, kila mtu kwetu anajua. Nilimgeukia dada yangu. Alikuwa amekaa anachambua mchele wangu, hakuinua uso. Hapo nikaelewa kila kitu.

Nikafagia. Mimi mwenye mdomo wote huu nikafagia njia kimya, nikasikia binti niliyembeba mgongoni analima juu ya bibi yangu. Baba alikuwa juu nyumbani, miguu haimruhusu kushuka, hakuona kitu.

Nilimvuta dada nyuma ya jiko nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee alipoanza kuumwa miguu, shangazi alisema kuna jambo haliko sawa makaburini. Akaniuliza kama najua kitu. Ningemdanganya mtu mzima?" Nikamwambia mbona mimi ulinidanganya? Akajibu, "Usikuze mambo, ni kaburi tu, bado unakula na sisi." Jamani, shangazi sina kinyongo naye sana, yeye ana imani zake. Lakini dada yangu nilimpa siri ya marehemu mama yetu, akaigeuza dawa ya miguu ya mzee. Na miguu yenyewe haijapona.

Sasa kinachonifanya niandike. Mkutano wa mwaka huu ni Jumamosi ijayo. Baba aliambiwa kwamba mwaka jana sikusafisha kwa sababu ya mgongo. Juzi amenipigia, "Mama, mgongo umepona?" Nikasema umepona, baba. Akasema mwaka huu vijana watambeba na kiti mpaka makaburini, anataka akae pale anione nikisafisha kwa mama yake, maana hana uhakika na mwaka mwingine. Ana miaka themanini na moja. Nilipokata simu nililia sokoni, watu wakadhani nimefiwa.

Nikamtumia dada ujumbe, amwombe shangazi anivumilie siku hiyo moja tu. Amejibu mistari miwili: "Shangazi anasema ukigusa jembe atasema yote mbele ya mzee. Bora usije." Huyo ndiye aliyeniambia damu ndiyo nini.

Mume wangu anasema nikae nyumbani, watajua wenyewe. Lakini nisipokwenda, mzee atakaa kwenye kiti ananisubiri. Nikienda nikashika jembe, atavuliwa nguo mbele ya ukoo mzima, na mama yangu atatukanwa pembeni ya kaburi lake. Nafikiria nitangulie Ijumaa nimwambie mwenyewe, tukiwa wawili tu, ila naogopa atanitazama kwa jicho lingine.

Nipeni akili, ndugu zangu, nifanye lipi? Matusi kwa marehemu mama yangu sitaki. Na tafadhali msianze kuniambia kwamba huyo mzee si baba yangu. Hilo nimeshaambiwa.