Ngazi Saba za Chumba cha Mazoezi

Nyie mnaonisoma mkiwa kitandani na donda, nisikilizeni mimi Tausi wa Kakese. Kabla sijaumwa nilikuwa mtu wa nyumbani kumshinda paka. Sherehe siendi, mkutano siendi. Mume wangu alinitania, "Wewe hata kuzikwa utaomba uzikwe uani." Kilichonitoa ni jaruba langu la mpunga tu.

Huko jembe likanikata mguu. Mimi na kidato cha nne changu nikabandika majani ya tumbaku, nikajifungia ndani. Wiki ya pili mguu ukawa mweusi, ukatoa usaha, ukanuka mpaka mume wangu akahamia sebuleni. Nilipopelekwa Mpanda mjini, daktari alifungua kitambaa, akasema: "Dada, mguu huu umeshakufa. Tusipoukata leo, utaondoka nao."

Wakaukata chini ya goti.

Kidonda kilipofunga, niliambiwa nifanye mazoezi kila wiki kwenye kituo cha wenye ulemavu pale mjini, la sivyo goti litakakamaa na mguu wa bandia hautanikaa. Na chumba cha mazoezi kiko wapi? Juu ya ngazi saba! Chumba cha watu wasio na miguu! Nilipanda kwa makalio, gauni likifagia makohozi ya watu. Siku moja nikateleza, kigutu kikapasuka, damu ikachuruzika hadi chini. Nikamlalamikia msimamizi wa kituo. Hakuinua hata macho. "Wenzako wote wameridhika, mama. Wewe tu ndiye una maneno."

Nikaamini! Nikarudi zangu ndani, nikaacha mazoezi. Goti likaanza kugoma kunyooka.

Mzee Kasimu, mwenyekiti wa kikundi cha wasioona, alisikia habari zangu akanifuata kwa bajaji. Nikampokea kwa ujinga: "Baba, nyie miguu mnayo, ngazi zinawahusu nini?"

Akafungua mdomo, akanionyesha pengo. "Jino hili, binti yangu, lilibaki ngazi ya nne."

Naye alipolalamika, aliambiwa wenye magongo wameridhika. Tukaenda kwa Neema, fundi cherehani, kiziwi. Pale kituoni wanamwita kwa sauti dirishani mpaka zamu yake inapita. Akatuandikia: "Mimi waliniambia wasioona hawana shida."

Kumbe kila kikundi kinakaa kikao chake, kinawanung'unikia wengine kwa kuridhika kwao, na mtu mmoja anatudanganya wote!

Jumatatu tulikwenda vikundi vyote, tukakaa kwenye ngazi. Wagonjwa tuliwapisha. Msimamizi hatukumpisha.

"Nyie mnataka nini?"

"Tuonyeshe hao walioridhika," akasema Mzee Kasimu. "Mimi sioni, labda nimewakalia."

Tulirudi Jumatatu nne. Ya tano tukakuta mafundi wanajenga njia ya mteremko. Siku hizi nesi anaita jina na kuinua kibao cha namba.

Goti langu lilinyooka kwa machozi. Leo natembea na mguu wa bandia, nayumba kama bata, lakini nafika. Namshukuru Mungu, na daktari aliyenikata. Msimamizi simshukuru. Hasira hii haijapona wala siitafutii dawa.

Wewe uliyejificha na ulemavu wako, usimuulize mwenye ofisi wenzako wanasemaje. Nenda kwao, hata kwa makalio. Jumamosi tunakutana kwa Neema, anatufundisha lugha yake ya mikono. Mimi nilianza na "hapana." Mume wangu ameshaijua vizuri.